Pini ya Saba

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Suruali nne za mitumba leo, zote za kupunguza kiuno. Hao waliozivaa kwanza huko Ulaya walikuwa na viuno vya magunia. Mteja mmoja, mkata boriti wa Kiongoroni, amefika hapa Kibiti ameishikilia yake kwa mikono miwili. Nikamshonea wa kwanza, asije akaumbuka stendi.

Somoe amekaa nyuma ya cherehani langu na kitabu chake kinene. Siku ya nane tangu arudi kutoka chuo. Hasemi mengi. Somo moja limemwangusha, bayokemia. Mwezi wa tisa anarudi Dar kufanya sapu, mtihani wa marudio. Akianguka tena wanamdisko, yaani ndiyo mwisho, achukue sanduku lake arudi kwa mumewe. Mume ndiye mimi.

Shajara hii aliniletea yeye. Alisema niandike humu, la sivyo nitawasimulia wateja habari zake. Nimeshawasimulia.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimemwuliza anasoma nini hasa. Akanitazama kama ninavyotazama kitambaa kidogo nikijiuliza kitatosha au hakitoshi. Kisha akaanza.

Mwili una seli, hilo nalijua, darasa la saba nilimaliza. Ndani ya seli mna vijumba vinaitwa mitokondria. Ndivyo vinavyotupa nguvu ya kutembea, kukanyaga cherehani, kila kitu. Vijumba hivyo vinahitaji protini nyingi za kufanyia kazi, lakini vyenyewe vinajitengenezea chache mno. Zilizobaki zinatengenezwa nje, kwenye uji wa seli, halafu lazima ziingie. Na ukuta wa kijumba una tando mbili, mmoja nje, mmoja ndani.

Swali lililomwangusha: protini inajuaje pa kwenda, na inaingiaje?

Nikasema tando mbili ni nguo yenye bitana. Akacheka. Kicheko cha kwanza tangu ashuke kwenye basi. Nimefurahi hadi nimeharibu kola ya watu.

Jumamosi, 7 Agosti

Leo nimejifanya mwalimu. Nimechukua kipande cha kaki na kipande cha bitana, nikavishona pamoja, nikatoboa tundu la kifungo kwenye kaki na jingine kwenye bitana, yakaelekeana. Nikamwambia haya, pitisha mpira wa kiunoni.

Akaukunja akausukuma kwa kidole. Ukakwama. Akausukuma tena, ukafanya fundo.

Kila fundi anajua. Mpira haupiti wenyewe. Unatia pini kichwani, unaunyoosha, kisha pini ndiyo inayoongoza njia gizani na mpira unafuata nyuma. Nikatoa pini moja kwenye kikopo changu cha dawa ya viatu. Ninazo saba, nilizirithi kwa fundi aliyenifundisha kazi. Nikapitisha. Kaki, bitana, ukatokea ndani.

Somoe akaruka. Kanga ikamtoka begani. Alisema ndiyo hiyo hiyo, fundi, ndiyo hiyo hiyo! Kumbe protini nayo ina kipande kifupi kichwani, si sehemu ya kazi yake, ni anwani tu. Kwenye utando wa nje wamekaa wapokezi. Wanaitambua anwani, wanaikaribisha kwenye tundu. Na protini haiwezi kupita ikiwa imekunjwa. Lazima ipite imenyooka. Kuna protini nyingine, yeye anaziita walezi, zinaishikilia njia nzima isijikunje kabla ya wakati.

Nikamwuliza walezi wanalipwa nini. Akasema nisimchekeshe, anaandika.

Ijumaa, 13 Agosti

Nimetoka msikitini na swali. Limenijia katikati ya hotuba, Mungu anisamehe.

Mimi nikipitisha mpira, vidole vyangu vinasukuma pini kwa nyuma. Lakini ikishatokeza upande wa pili naishika huko huko na kuivuta. Sasa kwenye kijumba, nani anavuta upande wa ndani?

Somoe hakujua. Akarudi kitabuni mpaka wali ukaungua. Tumekula ukoko na mchuzi wa kambamti, na wakati wa kula akanieleza. Ule utando wa ndani una umeme. Upande wa ndani ni hasi. Kichwa cha protini kina chaji chanya. Basi umeme unakivuta kichwa kiingie. Kisha yuko msaidizi huko ndani, anaushika uzi unaoingia asiuache urudi nyuma, anashika tena mbele kidogo, na tena. Anatumia nguvu kwa kazi hiyo. Umeme ukizimika, hakuna kinachoingia.

Ameandika kwenye daftari lake: Swali la Fundi. Kwa herufi kubwa. Nimelitazama mara tatu alipokwenda kisimani.

Jumapili, 15 Agosti

Dada Mwanaisha amekuja kutoka Bungu na korosho. Dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea. Anauza mitumba barabarani sasa, ananenepa.

Somoe alipoingia ndani, dada akasema bila kupunguza sauti kwamba miaka minne ya ndoa inatosha kujua. Mtoto hakuna. Mke hakai. Akipata digrii atakaa na wewe fundi wa barazani kwa kipi? Yuko binti mmoja Bungu, mpole, anajua kupika.

Nilipaswa kumjibu. Nimekaa natia uzi kwenye sindano ambayo ilikuwa na uzi tayari.

Somoe alitoka na chai akamwandalia wifi yake vizuri, akamwongezea sukari. Alisikia. Najua alisikia.

Jumatano, 18 Agosti

Leo amefika kwenye mkasi.

Protini ikishaingia ndani kabisa, kile kipande cha anwani kinakatwa. Kuna kimeng'enya maalumu kwa kazi hiyo tu. Anwani haihitajiki tena. Nikasema bila shaka, na sisi pini tunaitoa, nani avae suruali yenye pini? Kisha protini inakunjwa, inapata umbo lake la kweli, inaanza kazi.

Nikauliza: na inarudi vipi nje?

Akasema hairudi.

Hata kidogo?

Hairudi, fundi. Imeshakatwa anwani, imeshakunjwa, itapita wapi? Kazi yake iko humo mpaka mwisho.

Alisema akiwa na penseli mdomoni, hakuwaza kitu. Mimi nimeshona vifungo vya shati upande wa kike.

Ijumaa, 20 Agosti

Nilikuwa nikimwombea afaulu kila swala. Leo sikuomba.

Niandike kweli, humu hasomi mtu. Nataka afeli. Nataka basi limshushe hapa na sanduku lake, alie siku tatu, halafu akae nyuma ya cherehani langu siku zote. Nitamnunulia redio.

Nimeona aibu kuandika lakini sifuti.

Jumanne, 24 Agosti

Maulidi yamekaribia, kila mtu anataka kanzu jana. Watu wa Maparoni wameleta jora zima la kitambaa cheupe, wavae sare ukoo wote. Sijanyoosha mgongo.

Somoe ameweka kitabu pembeni kanisaidia kutia vifungo. Anatia kifungo anataja jina. Wapokezi. Tundu. Walezi. Umeme. Mkasi. Mzee mmoja aliyekuja kuchukua kanzu akadhani anasoma uradi, akaitikia amina.

Tumecheka mpaka nimesahau ninachokitaka.

Jumatatu, 30 Agosti

Maulidi. Mama mkwe amefika kutoka Maparoni, mtumbwi kisha lori, na kapu la mchele mpya na kambamti wakavu. Mama mkwe hanitazami usoni, ni heshima, anazungumza na cherehani.

Alikaa siku nzima hakusema neno juu ya chuo. Alipoaga akaliambia cherehani: "Mkwe, mwanangu amekonda. Nguo zake zote zinamvuka. Huko anakokwenda kuhojiwa na watu wazima, asiende anashikilia sketi."

Akaniachia kitambaa, buluu ya kiza, kizuri. Sijui alikitoa wapi. Yeye mwenyewe kanga zake zimepauka.

Ijumaa, 3 Septemba

Nimeshona sketi. Nimeikata juzi, jana nimepiga bandi, leo nimemaliza. Nimeikata ndefu, imekaa vizuri nyuma, na kiunoni nimetia mpira mpana ili akinenepa imfuate, akikonda imfuate.

Nilikuwa kwenye kiuno hasa, nimeshaupitisha mpira ukazunguka, nimeunganisha ncha mbili, wakati Somoe aliponiuliza. Alikuwa anakunja nguo zake kwenye sanduku. Akaniuliza kama akidisko nitamwonea haya.

Nikasema la. Na moyo ukaruka kwa furaha, hapo hapo, mbele yake. Sijui kama uso wangu ulionyesha. Nikainama haraka, nikaziba upindo wa kiuno, nikakanyaga cherehani kama ninafukuzwa.

Halafu konda akapita kusema basi la kesho litaondoka alfajiri badala ya saa mbili. Tukaanza kukimbizana na vitu. Sketi imeingia sandukuni ya mwisho. Ameinusa kwanza. Ananusa nguo mpya tangu nimemjua.

Jumamosi, 4 Septemba

Ameondoka. Mtihani wa kuandika Jumatano, wa mdomo Alhamisi. Sketi ataivaa Alhamisi.

Baraza ni kubwa.

Jumapili, 5 Septemba

Pini ziko sita.

Nimemwaga kikopo mezani. Sita. Nimetazama chini ya cherehani, ndani ya droo, kwenye vumbi, kwenye nguo za watu. Nimemwuliza mkata boriti wa watu kama hajachomwa na kitu. Sita.

Kisha nimekumbuka.

Zile ncha mbili za mpira nilizishikanisha kwa pini, ili nizishone. Sikuzishona. Nilipoulizwa lile swali niliziba upindo na pini ikabaki ndani. Sketi ya mke wangu imeshikwa na pini moja kuukuu. Ikifunguka, itamchoma. Ikiachia, sketi yote inashuka miguuni pake mbele ya maprofesa.

Miaka kumi na moja ya ufundi. Kosa hili sikulifanya hata nilipokuwa najifunza.

Jumatatu, 6 Septemba

Posta tangu walipofungua. Simu ya bweni inaita haipokelewi. Mara inapokewa, sauti inasema subiri, inakata. Foleni nyuma yangu wananung'unika. Karani akaniuliza ni msiba? Nikasema ni sketi. Akanitoa kwenye foleni.

Nimeandika karatasi: Somoe usivae sketi kabla hujaishona kiunoni, ndani mna pini, nisamehe. Nimempa konda wa basi la mchana. Ameapa ataifikisha.

Jumanne, 7 Septemba

Dada Mwanaisha amepita. Safari hii nimemjibu. Nimemwambia ninaye mke na sitaki mwingine, na korosho zake namshukuru. Amenitazama sana. Akasema nimekonda na mimi. Akaniachia korosho nyingine.

Alhamisi, 9 Septemba

Leo.

Nimeswali alfajiri nikakaa chini muda mrefu. Nimemwombea. Si sketi tu. Nimeomba afaulu. Nilijisikiliza mwenyewe kama kuna uongo ndani, sikuuona. Nilimwona tu amesimama mbele ya watu, mkono kiunoni, anatafuta neno, na kitu changu kinamchoma. Sikutaka tena arudi kwa namna hiyo. Nikimpata kwa aibu yake nitakuwa nimempata vipi?

Naomba aingie. Aingie mpaka ndani. Hata asiporudi.

Sikushona kitu leo. Nimewaambia wateja cherehani linaumwa.

Jumamosi, 11 Septemba

Konda amerudisha karatasi yangu. Imekunjwa vile vile. Alifika chuoni, akawauliza watu watatu, wakamwuliza Somoe yupi, kitivo gani, bweni gani, chumba gani. Hakujua. Nikaitazama karatasi. Juu yake nimeandika: Somoe, Chuo, Dar.

Mwezi mzima nafundishwa habari za anwani. Kichwa changu kingekatwa hata hicho.

Jumanne, 14 Septemba

Amerudi. Basi la saa kumi. Nilimwona mguu kwanza, kisha upindo wa sketi ya buluu. Amevaa. Iko kiunoni. Nimeshika nguzo ya stendi.

Nilichukua sanduku nikamfuata nyuma mpaka nyumbani, namtazama kiuno njia nzima kama kijana mhuni. Alipofunga mlango akageuka akasema, "Fundi, mie nimekutukana Alhamisi. Matusi ya Maparoni, yale yenyewe. Nisamehe."

Kisha akasimulia. Naandika yote kabla sijasahau.

Aliigundua pini asubuhi ya Alhamisi akivaa. Ilimgusa. Hakuwa na sindano, hakuwa na muda, akatoka hivyo hivyo, mkono mmoja umeshika kiuno kwa juu. Wakamkalisha mbele ya watu wanne. Wakauliza anwani, akajibu. Walezi, akajibu. Wakauliza nani anavuta upande wa ndani, na yeye akawajibu polepole, kwa raha, umeme kwanza, kisha yule msaidizi anayeshika na kushika tena. Anasema alitamani kuwaambia hilo ni swali la mume wake.

Halafu mzee wa katikati akamwuliza: je, zote hukatwa anwani zikishafika?

Hapo ndipo alipoanguka mara ya kwanza. Kwenye karatasi ya mwezi wa sita aliandika ndiyo, zote. Na Alhamisi pia mdomo wake ulikuwa unaelekea ndiyo. Lakini alikuwa ameegemea kiti, na pini ikambonyeza. Akakumbuka fundi asiyetoa pini. Na akakumbuka ukurasa, alikuwa ameupita haraka kwa sababu ulikuwa na mistari michache tu. Zipo ambazo hazikatwi. Zile zinazokaa kwenye utando wa ndani wenyewe na kupitisha vitu, huku na huku, nyingi hazina anwani ya kichwani. Anwani yake iko ndani ya mwili wake, imefumwa humo. Zinaingia nayo, zinafanya kazi nayo, haiondolewi maisha yake yote.

Akawaambia hivyo. Mzee akaandika kitu, akamtazama, akasema sawa binti, unaweza kwenda. Akainuka ameshika kiuno.

Jana wamebandika majina. Lake lipo.

Nikakaa chini. Nikalia. Sikujificha. Nikamwambia kila kitu, la tarehe ishirini, kwamba sikumwombea, kwamba nilitaka afeli, kwamba moyo uliruka siku ile aliponiuliza na ndiyo sababu ya pini. Nilidhani atanyamaza.

Akasema, "Uso wako niliuona. Ulidhani siuoni? Nilijua utaacha kitu humo." Akanifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akasema, taratibu, kama anamweleza mwanafunzi mzito, "Uliniuliza inarudi vipi, nikakujibu hovyo. Nilikuwa bado sijafika ule ukurasa wa zile zisizokatwa anwani."

Ijumaa, 17 Septemba

Mvua kidogo alfajiri. Suruali mbili za mitumba, kanzu moja ya kiraka.

Chuo kinafunguliwa mwezi ujao. Atakwenda. Tumeandika anwani yake kamili nyuma ya mlango kwa chaki, kitivo, bweni, chumba. Amenisomesha kama mtoto, nimeijua kwa moyo.

Baada ya swala nilimwomba sketi niifumue kiuno, nizishone zile ncha kama inavyotakiwa. Akanipa. Nikafumua, nikashona mara mbili, uzi mkubwa. Nikaishika pini niirudishe kikoponi.

Akaniomba niiache ndani. Imefungwa vizuri, kwenye mshono, isimchome.

Nimeiacha, nimeziba upindo. Kikoponi ziko sita. Zinatosha.